Kizingiti cha Heshima

Watu wa mtaa wake wa zamani walimwita Bi Mkasi, na jina hilo halikutokana na kazi ya cherehani peke yake. Alikuwa fundi wa nguo aliyekata vitambaa na maneno kwa ukali uleule, na wateja waliokuja kumdanganya kuhusu upana wa viuno vyao walitoka kibandani kwake wakiwa wamenyooshwa pande zote mbili. Ugonjwa wa sukari ulipomwondolea mguu wa kulia, wengi walidhani kwamba ulimi nao ungepungua makali. Hawakumjua vizuri.

Mguu wenyewe aliusahau mapema kuliko walivyotarajia madaktari. Kilichomkaa rohoni ni kubebwa. Katika nyumba ya mwanawe wa kwanza, alikohamia baada ya kutoka hospitalini, choo kilikuwa uani, chini ya ngazi na nyuma ya mlango mwembamba kama wa kabati. Kila alipotaka kwenda haja, ilimbidi aite. Mwanawe alikuja, akamwinua mikononi kama mtu anavyomwinua mtoto aliyesinzia wageni wangali sebuleni, akamteremsha, akageuza uso. Mkamwana alishikilia mlango ambao haukuweza kufungwa. Walifanya hivyo kwa upendo, pasipo kununa hata mara moja, naye Bi Mkasi akajifunza kunywa maji kidogo. Asubuhi, kabla ya kugusa kikombe, alisikiliza kwanza nani yuko nyumbani.

Kwa sababu hiyo aliuza kibanda pamoja na cherehani zote, akanunua nyumba katika mtaa mpya uliojengwa na kampuni nje kidogo ya mji. Sharti lake lilikuwa moja, nalo liliandikwa katika mkataba na kuchorwa katika ramani: mtu wa kiti cha magurudumu aingie, azunguke na atoke pasipo kuguswa na mkono wa mtu. Leo ilikuwa siku ya kukagua, kutia sahihi na kupokea funguo.

Afisa wa makabidhiano aliwapokea barabarani, yeye pamoja na mwanawe na mkamwana. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye tai na viatu vilivyokwisha kubadilika rangi kwa vumbi la saruji. Funguo alizifunga utepe mwekundu, na simu aliishika tayari kwa picha.

"Karibu nyumbani, mama! Kabla ya yote, naomba nikupige picha hapo kwenye mteremko. Kampuni inataka kuonyesha kwamba nyumba zetu ni za watu wote."

"Nyumba kwanza, picha baadaye," alisema Bi Mkasi. "Bibi arusi hapigwi picha kabla bwana hajaonekana."

Mkamwana alicheka. Mwana alishika mishikio ya kiti nyuma, lakini mama yake alimpiga vidole kofi jepesi, akashika magurudumu mwenyewe.

Mteremko ulikuwa kazi safi. Saruji ilikuwa imekwaruzwa mistari ili magurudumu yasiteleze, na mwinuko wake ulikuwa wa taratibu, hata mikono haikulalamika. Bi Mkasi alipanda akiwa na furaha ambayo hakutaka ionekane. Alivuka baraza, akaelekea mlangoni, na magurudumu madogo ya mbele yakagonga kitu yakasimama.

Palikuwa na kizingiti. Kilikuwa kimenyanyuka vidole vinne kutoka sakafuni, kimepigwa plasta kikawa laini kama sabuni, na kimepakwa rangi nyekundu iliyong'aa.

Alirudi nyuma kidogo, akasukuma tena kwa nguvu. Kiti kikagonga tena. Njia yote ile nzuri ilikuwa imemleta hadi kwenye ukuta mdogo.

"Ah, hicho!" alisema afisa. "Hicho si tatizo, mama. Kijana wako hapa anakunyanyua kidogo tu, umeshaingia."

Mwana alikuwa amekwisha kuinama. Kabla hajakipata kiti vizuri, Bi Mkasi alivuta breki zote mbili na kushika miimo ya mlango huku na huku, mikono imetanuka.

"Weka chini."

"Mama, ni sekunde moja."

"Nimesema weka chini. Siingii nyumbani kwangu kama gunia la mchele."

Mwana aliachia. Masikio yalimwiva kwa aibu mbele ya mgeni. Afisa, ambaye alikuwa na nyumba nyingine za kukabidhi siku hiyo, alikohoa na kufungua jalada lake.

"Basi tufanye hivi, mama. Wewe tia sahihi hapa. Kasoro ndogondogo kama hizi zina utaratibu wake. Zinarekebishwa baada ya makabidhiano."

"Baada ya makabidhiano lini?"

"Baada tu. Mafundi wakipata nafasi."

"Nisomee hiyo unayotaka niisaini."

Afisa alisoma harakaharaka: "Mimi mnunuzi nathibitisha kwamba nimeingia katika nyumba hii, nimekagua vyumba vyote, na nimeridhika..."

"Simama hapo. Nimeingia?"

"Mama, hiyo ni lugha ya fomu tu."

"Mimi sina lugha ya fomu na lugha ya mdomo. Ninayo moja. Sijaingia, sijakagua, sijaridhika. Katika sentensi yako fupi umenitaka niseme uongo mara tatu, na jua halijapanda hata juu ya bati."

Mwana alichuchumaa kando ya kiti, akapunguza sauti. "Mama, tafadhali. Watu wanazigombania nyumba hizi. Mchagua jembe si mkulima."

"Na anayepokea jembe lisilo na mpini ni mkulima wa wapi?"

"Lakini mimi nipo! Nitakuwa nakuja asubuhi na jioni. Nikusaidie kuingia, nikusaidie kutoka. Tangu utoke hospitali nimekubeba. Nimelalamika lini?"

Bi Mkasi alimtazama. Huyu ndiye aliyemfungulia mimba, na sasa nywele za kandokando zilikuwa zimeanza kumgeuka rangi. Sauti yake ilishuka.

"Hujalalamika hata siku moja, mwanangu. Ndiyo maana nilishindwa kukataa. Ungelalamika, ningekuwa na la kusema."

Mkamwana, aliyekuwa ameegemea nguzo ya baraza na mkoba wa mama mkwe begani, alijibu badala ya mumewe.

"Mgongo wake umelalamika kwa niaba yake, Mama. Mimi ndiye ninayeuchua. Unalia kama mlango wa ghala."

"Wewe nawe!" alifoka mumewe.

"Nimesema uongo? Basi vua shati, afisa aone plasta ya dawa mgongoni."

Afisa hakutaka kuona plasta ya mtu. Aliona dawa ilikuwa kuongeza ukali, akakaza tai yake.

"Mama, niseme wazi. Kuna watu wanaosubiri nyumba kama hii. Ukikataa kupokea leo, naweza kuandika kwamba mteja amekataa, na ofisi ikampa mwingine."

"Andika."

"Mama!" alisema mwana.

"Aandike. Ila aandike yote. Aandike kwamba mteja alifika mlangoni na mlango ukamkataa. Na ile picha yako, kijana, ipige sasa. Nipige hapahapa, magurudumu yamegusa kizingiti. Halafu mkaibandike ukutani ofisini, chini yake muandike kwamba nyumba zenu ni za watu wote."

Afisa aliitazama simu mkononi mwake, akaitia mfukoni. Alishuka barazani, akasimama penye kivuli cha ukuta, akaitoa tena na kuongea na wakubwa wake kwa muda mrefu, mkono mmoja ukikata hewa. Bi Mkasi hakusogea. Jua lilimfikia mapajani. Mkamwana alimletea maji ya chupa, naye akayanywa yote bila kumuuliza mtu yeyote chochote, akamrudishia chupa tupu. Mkamwana aliitazama ile chupa, kisha akamtazama mama mkwe. Hakuwa amewahi kumwona akiimaliza.

Afisa alirudi akiwa na mtu mwenye saruji hadi kwenye nyusi. Ndiye fundi mwashi aliyeijenga nyumba, na alikuwa ametolewa kwenye kazi ya jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Mteremko huu ni kazi ya mikono yako?"

"Ni yangu, mama."

"Ni kazi nzuri. Na kizingiti hiki?"

Fundi alichangamka. "Hicho ndicho hasa! Nyumba nyingine zote za mtaa huu nimeziwekea vizingiti vya vidole viwili. Lakini nilisikia kwamba mwenye hii ni mtu mzima, nikasema hapana, huyu nimpe kizingiti cha heshima. Nimekipandisha mara mbili. Hiyo rangi nyekundu kampuni haikuniagiza, nimeitoa kwangu. Nyumba isiyo na kizingiti ni kama kinywa kisicho na meno, mama. Mvua inaingia, nyoka anaingia, kila kitu kinaingia."

"Kila kitu kinaingia isipokuwa mwenyewe," alisema mkamwana.

Fundi aligeuka, na kwa mara ya kwanza akakitazama kiti. Alifuata kwa macho njia yake mwenyewe, tangu chini barabarani, kupitia mistari aliyoikwaruza kwa mwiko, hadi juu mlangoni.

"Ulipojenga mteremko," aliuliza Bi Mkasi, "ulidhani ni wa nini?"

"Wa kiti cha magurudumu. Ramani ilisema."

"Na kiti kikifika hapa?"

Fundi alijikuna kichwa, na saruji ikamwagika begani. "Hapo nilijua watu wako wangekuinua. Mzee hakosi watu, mama."

Hakulisema kwa dharau. Bi Mkasi aliona kwamba mtu huyu alikuwa amemheshimu kwa kadiri alivyofundishwa kuheshimu, akaongeza na rangi juu. Ingalikuwa rahisi zaidi kama angalikuwa mwizi wa saruji.

"Ninao watu, namshukuru Mungu," alisema. "Lakini sikununua nyumba ili watu waone kwamba ninao. Sikiliza, fundi. Mimi nilikuwa mshonaji. Nikikushonea koti la kitambaa kizuri, vifungo vinang'aa, nikakufungia na matundu ya mikono ili kukuheshimu, utalivaa?"

"Nitalivaaje?"

"Basi."

Fundi akasema, kama mtu anayenung'unikia tumbo lake, "Ila maji yataingia. Mvua ya upande huu inakuja na upepo. Msije mkaniita tena mkisema fundi hajui kazi."

"Yasiingie. Hilo nakuachia wewe, ndiyo kazi yako."

"Labda nikate mfereji mwembamba hapa mbele ya mlango, niufunike kwa wavu wa chuma. Kiti kitapita juu, maji yatapita chini."

"Umeona? Heshima umeanza kunipa sasa."

Fundi alitabasamu shingo upande na kutaka kwenda kuchukua nyundo. Afisa alimzuia.

"Subiri kwanza! Huwezi kuvunja. Nyumba bado ni mali ya kampuni. Mama atie sahihi, iwe yake, ndipo avunje apendavyo."

Hapo Bi Mkasi alicheka, na kicheko chake kilikuwa kilekile kilichowafanya wateja wavute matumbo ndani.

"Mwanangu, umelisema mwenyewe kwa kinywa chako. Bado ni yenu. Kwa hiyo kilichokosewa ni chenu, na kukivunja ni kazi yenu. Nikiisaini, kosa litakuwa langu, nami nitahangaika kutafuta fundi, nyundo na mtu wa kunilaumu. Kwa nini niyapokee madhambi yako pamoja na ufunguo wenye utepe?"

Mwana alikuwa amesimama kando akiwasikiliza wote, mikono kiunoni. Sasa alipiga hatua akajiweka kati ya afisa na kiti.

"Amesema mama yangu," alisema. "Mimi sina la kuongeza."

Afisa alipiga simu tena. Safari hii alizungumza kwa maneno machache, na kwa sehemu kubwa alisikiliza. Aliporudi alimpungia fundi mkono kama mtu anayefukuza inzi. "Vunja. Lakini fanya haraka."

Kizingiti cha heshima kilikuwa kimejengwa kwa moyo, na kitu kilichojengwa kwa moyo hakivunjiki kwa haraka. Tindo iliruka, nyundo ikalia, vipande vyekundu vikatawanyika barazani. Bi Mkasi hakuondoka mlangoni. Alijifunika khanga usoni kwa ajili ya vumbi, akaacha jicho moja nje. Bandu bandu huisha gogo, na kizingiti nacho kikaisha, pakabaki jeraha la kijivu la upana wa kiganja. Fundi alilijaza saruji, akalaza ubao juu yake hadi pakawa sawasawa pande zote.

"Haya, mama. Pita juu ya ubao, mfereji nitaukata saruji ikishakauka."

Bi Mkasi alilegeza breki. Hakuna aliyemgusa. Ubao ulilia chini yake mara moja, naye akawa ndani.

Hapo ndipo ukaguzi ulipoanza. Alipita sebuleni akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, akawasha na kuzima taa, akafungua madirisha na kuyafunga. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa na kizingiti kidogo. Alikinyooshea kidole bila neno, na fundi akapiga magoti. Wa jikoni nao vivyo hivyo. Afisa alikuwa ameacha kutazama saa, maana saa haikuwa na habari njema. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuuhamisha utepe wa funguo kidole hadi kidole.

Mwishowe Bi Mkasi alifika bafuni.

Palikuwa pazuri. Choo kilikuwa na vishikio ukutani, beseni lilikuwa chini ya kimo cha kawaida, bomba lilitoa maji kwa nguvu. Alimimina maji sakafuni kwa kopo, akayaangalia yakikimbilia tundu lao pasipo kupotea njia. Kisha aligeuza kiti ili afunge mlango.

Mlango ulikuwa ukifungukia ndani. Ulikuja nusu ya safari, ukagonga gurudumu, ukasimama. Akasogea mbele hadi goti likagusa ukuta. Akasogea upande hadi kiwiko kikagusa beseni. Mlango ulibaki wazi, na katika uwazi huo walionekana wote wanne wakimtazama.

Mkamwana ndiye aliyegeuza uso kwanza.

"Mama," alisema afisa, na sauti yake sasa ilikuwa ya kubembeleza kweli, "hapo tunaweza kuweka pazia. Pazia zuri, zito."

"Pazia ni mlango unaoomba radhi," alisema Bi Mkasi. "Mimi siombi radhi kwa sababu ya kwenda haja. Fundi, mlango huu ufungukie nje."

"Mama, mimi ni mtu wa tofali. Mbao ni kazi ya seremala."

"Bawaba hujawahi kufungua?"

"Nimewahi."

"Basi."

Fundi alimtazama afisa. Afisa, akiwa palepale kwenye ndoo, aliinua mikono yote miwili kama mtu aliyekwisha kupigwa na hana ugomvi tena. Mwana alivua shati la kutokea, akabaki na fulana, na plasta ya mgongoni ikaonekana ikichungulia juu ya kola. Akashika mlango kwa chini wakati fundi akifungua skrubu. "Huu ninaweza kuubeba," alisema bila kumtazama mtu, na mama yake hakumkataza.

Waliung'oa mlango, wakatoa ukingo wa fremu uliouzuia usifungukie nje, wakaupigilia upande wa pili, wakahamisha bawaba. Mara ya kwanza ulikwaruza sakafu. Wakaushusha, fundi akausugua kwa msasa, wakaurudisha. Komeo lilihitaji tundu jipya, nalo lilitobolewa kimo cha mkono wa mtu aliyeketi. Bi Mkasi mwenyewe ndiye aliyeonyesha mahali, kwa alama ya kucha.

Walipomaliza, jua lilikuwa limekwisha kuhamia upande wa pili wa nyumba, na afisa alikuwa amesimama na jalada wazi na kalamu mkononi.

"Sasa, mama? Umeingia. Umekagua. Je, umeridhika?"

"Bado sijakagua," alisema Bi Mkasi. "Nilikuwa nikitazama tu. Nipisheni."

Walimpisha. Aliingia bafuni akavuta mlango nyuma yake kwa kamba fupi ambayo fundi alikuwa ameifunga kwenye mshikio. Mlango ulikuja wote, ukafika, ukakaa kwenye fremu. Komeo likaingia tunduni kwa sauti ndogo ya chuma.

Ndani hapakusikika kitu. Nje walisimama wote wanne sebuleni mwa nyumba tupu, na ukimya huo ukawaelemea. Mwana alisogea hadi mlangoni, akageuza sikio.

"Mama? Uko salama?"

Hakujibiwa. Akapiga hodi kwa kifundo cha kidole, polepole kwanza, halafu kwa wasiwasi.

"Mama!"

"Kuna mtu," ilijibu sauti ya Bi Mkasi, kwa ukali wa mtu anayejibu hodi isiyo na adabu.

Kisha bomba lilifunguliwa, na maji yakaendelea kumwagika kwa raha yake. Afisa alirudi kwenye ndoo. Fundi alianza kuokota vipande vyekundu barazani akivitia katika karai. Mwana alibaki pale mbele ya mlango uliofungwa, mikono yake ikining'inia kandokando ya mwili. Aliitia mifukoni, akaitoa, akaikunja kifuani. Mkamwana alimvuta kwa kiwiko hadi dirishani, akamkalisha sakafuni kando yake, nao wakangoja.